Watoto wa Irlandi na lugha ya mababu zao

Mkikutana na mtu aliyesoma shule katika nchi ya Irlandi, mwombeni aseme sentensi moja tu ya lugha ya mababu zake. Mara nyingi atacheka kwanza, kisha atasema: An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas? Maana yake ni hii: Je, nina ruhusa ya kwenda chooni? Wairlandi wenyewe hulifanyia mzaha jambo hilo. Husema: tulifundishwa lugha yetu miaka 13 au 14, na tumetoka na ruhusa ya kwenda chooni.

Sisi hatutaki kucheka upesi. Mzaha huo una fundisho ndani yake. Kwa nini sentensi hiyo imebaki kichwani, na nyingine nyingi zimepotea kama maji mchangani? Haikuwekwa katika wimbo, wala haikuchorwa kwa rangi nzuri ukutani. Imebaki kwa sababu mtoto aliihitaji. Alikuwa na haja ya kweli, na mwalimu hakumruhusu mpaka aiseme. Basi, kwa kipimo hicho kidogo twataka kupima njia nyingi ambazo zimetumiwa, na zinazotumiwa leo, kuwafundisha watoto wa Irlandi lugha yao katika shule za msingi. Ziko nyimbo, michezo, vikaragosi, michezo ya kuigiza na picha. Nyingi zasifiwa sana. Lakini si kila njia yenye kuchekesha ni njia yenye kufundisha.

Kwanza tujue hali yenyewe. Kiirlandi, ambacho wenyewe hukiita Gaeilge, ni lugha ya ukoo wa Wakelti, si ndugu wa karibu wa Kiingereza. Maneno yake hubadilika kichwani, jambo lisilowashangaza watu wanaosema ulimi na ndimi. Mwirlandi husema bád, yaani mashua. Lakini mashua yangu ni mo bhád, na mashua yetu ni ár mbád. Tena lugha hiyo haina neno moja la «ndiyo» wala neno moja la «hapana». Mtu hujibu kwa kurudia kitendo alichoulizwa. Mtoto aliyezaliwa katika Kiingereza huona taabu hapo.

Katiba ya mwaka 1937 yakiita Kiirlandi lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Watoto karibu wote hufundishwa tangu siku za kwanza za shule. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, watu 1,873,997 walisema kwamba wanakijua, yaani karibu watu 40 katika 100. Lakini waliokisema kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Na mwaka 2016 walikuwa 73,803. Tazameni tofauti hiyo. Zaidi ya milioni moja wamebeba ufunguo mfukoni, na wachache tu ndio wanaofungua mlango.

Zamani haikuwa hivyo. Katika hesabu ya mwaka 1851 bado watu kama milioni moja na nusu walisema Kiirlandi, ingawa njaa kubwa ya miaka 1845 mpaka 1849 ilikuwa imeua watu kama milioni moja na kuwahamisha wengine kama milioni moja. Shule za serikali zilikuwa zimeanzishwa mwaka 1831, nazo zilifundisha kwa Kiingereza. Tena mahali pengi palikuwa na kijiti kiitwacho bata scóir. Mtoto alifungwa kijiti hicho shingoni, na kila aliposema neno la Kiirlandi kilichongwa alama moja. Jioni alama zilihesabiwa, na fimbo zikafuata. Tusiwalaumu waalimu peke yao. Wazazi wengi walikubali kijiti hicho, maana waliona kwamba kazi na safari ya kwenda Marekani vyataka Kiingereza. Walimpenda mtoto, wakakata ulimi wake kwa mapendo.

Lakini kabla ya kijiti palikuwa na mwalimu wa namna nyingine, na sisi makatekista hatuwezi kumpita bila kumsalimu. Jina lake Giolla Brighde Ó hEodhasa, mtu wa ukoo wa washairi, aliyeingia shirika la Wafransisko akaitwa Bonaventura. Aliishi Louvain, katika nchi ya Ubelgiji, ambako Wafransisko wa Irlandi walifungua nyumba mwaka 1607. Mwaka 1611 katekismu yake ilipigwa chapa mjini Antwerp, nayo ni kitabu cha kwanza cha Kikatoliki kilichopigwa chapa kwa Kiirlandi. Ndani yake aliyafupisha mafundisho kwa mashairi, ili mtu asiyejua kusoma aweze kuyashika moyoni. Mashairi yale hayakuwa mapambo ya somo. Yalibeba jambo ambalo mtu alilihitaji nyumbani, shambani na kitandani pa mgonjwa. Wimbo ulikuwa chombo, na ndani ya chombo mlikuwa chakula.

Ubelgiji huo huo ulimfundisha Mwirlandi mwingine miaka 300 baadaye. Chama cha kutetea lugha, Conradh na Gaeilge, kilianzishwa mwaka 1893, na Patrick Pearse alikuwa mhariri wa gazeti lake. Mwaka 1905 alisafiri Ubelgiji kutazama shule za lugha mbili, Kiflamandi na Kifaransa. Aliona waalimu wanaoshika kitu mkononi na kukitaja kwa lugha mpya bila kutafsiri: hiki ni kikombe, nakiweka mezani, wewe kiondoe. Aliporudi aliandika makala nyingi juu ya shule hizo, na mwaka 1908 alifungua shule yake mwenyewe, Scoil Éanna, mjini Dublin. Hapo wanafunzi waliigiza michezo mbele ya watu na kusikia hadithi za mashujaa. Pearse aliuawa mwaka 1916 baada ya maasi, lakini fikira yake juu ya shule ilibaki: mtoto asijazwe kama gunia.

Serikali mpya ilipozaliwa mwaka 1922, ilikuwa na haraka. Siku ya Mtakatifu Patrisi mwaka huo iliagizwa kwamba Kiirlandi kifundishwe au kitumiwe angalau saa moja kila siku katika kila shule yenye mwalimu anayekiweza. Kwa watoto wadogo kabisa kazi yote ya darasa ilitakiwa kuwa kwa Kiirlandi. Nia ilikuwa njema. Lakini waalimu wengi walikuwa wamejifunza lugha hiyo wakiwa watu wazima, katika likizo ya majira ya joto, na sasa walitakiwa kuwa mama na baba wa lugha kwa watoto wasioisikia nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 chama cha waalimu kiliwauliza waalimu, na wengi wao walisema kwamba njia hiyo haiwafai watoto wa nyumba za Kiingereza. Serikali ilikuwa imeweka shuleni mzigo ambao nyumba, soko na ofisi zilikataa kuubeba.

Baadaye ikaja njia ya wataalamu. Padri mmoja Mfransisko, Colmán Ó Huallacháin, na wenzake walikusanya maneno ya watu wanaosema lugha hiyo kwa kuzaliwa, wakatafuta yale yanayotumiwa zaidi. Matokeo yalitolewa mwaka 1966 kwa jina la Buntús Gaeilge. Juu ya msingi huo masomo mapya yalitungwa, yenye filamu za picha na sanamu za kubandika ubaoni. Twaisifu kazi hiyo, maana iliacha vitabu vya sarufi kavu ikaenda kusikiliza vinywa vya watu. Lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa. Picha ilisema: mama yuko jikoni, paka yuko chini ya meza. Mtoto alirudia: mama yuko jikoni, paka yuko chini ya meza. Lakini darasani hapakuwa na paka, na hapakuwa na mtu aliyetaka kujua yuko wapi. Mtoto alijibu swali ambalo jibu lake kila mtu alikuwa akiliona.

Twafika siku zetu. Leo mwalimu mwema wa Irlandi ana mfuko uliojaa ufundi. Tutazame machache.

Uko mchezo uitwao Deir Ó Grádaigh, maana yake «Ó Grádaigh asema». Mwalimu huamuru: Ó Grádaigh asema, mikono juu, Ó Grádaigh asema, gusa pua. Akiamuru bila kutaja Ó Grádaigh, anayetii hutolewa. Watoto huupenda sana, na masikio hufunguka. Lakini angalieni: ni nani anayesema Kiirlandi katika mchezo huo? Ni mwalimu peke yake. Mtoto hutii tu. Mchezo huwa somo la kweli siku ile mtoto anaposimama mahali pa Ó Grádaigh na kuwaamuru wenzake, na mwalimu pia.

Ziko nyimbo na mashairi madogo. Tangu mwaka 1902 Wairlandi wana Seachtain na Gaeilge, yaani wiki ya Kiirlandi, ambayo siku hizi huanza tarehe 1 Machi na kuishia siku ya Mtakatifu Patrisi. Shule hupambwa, watoto huimba. Ni furaha, nasi hatuipingi. Lakini mtoto anaweza kuimba beti nne bila kujua neno la tatu lina maana gani. Sisi tulio makatekista twalijua kosa hilo. Limo katika nyumba yetu pia. Wimbo wafaa ukiwa na neno ambalo mtoto atalihitaji kabla jua halijatua. Kama wimbo wasema «nipe», basi kengele ikilia pawe na kitu cha kupewa.

Vimo vikaragosi, yaani sanamu ndogo zinazovaliwa mkononi na kusemeshwa. Hapa twaona tofauti kati ya mwalimu na mwalimu. Mmoja huleta kikaragosi, nacho chasema Kiirlandi, na mara mwalimu atafsiri kila neno kwa Kiingereza. Kikaragosi kimekufa. Mwingine huwaambia watoto: rafiki yetu huyu ametoka pwani ya magharibi, hajui Kiingereza hata kidogo. Basi watoto watamhurumia. Watatafuta maneno ili asiwe mpweke. Sanamu ni ile ile, lakini ya pili imezaa haja.

Iko salamu. Mwirlandi husalimu: Dia dhuit, yaani Mungu awe kwako. Anayejibu huongeza: Dia is Muire dhuit, Mungu na Maria wawe kwako. Na kama salamu yaendelea, wazee waliongeza jina la Patrisi. Mwalimu anayewapokea watoto mlangoni kila asubuhi kwa salamu hiyo hahitaji mashine wala picha. Dakika mbili tu, na lugha imetumiwa kwa kazi yake ya kwanza, yaani mtu kumtambua mwenzake.

Wasomaji watauliza: ikiwa njia ni nzuri hivi, kwa nini lugha haisongi mbele? Uchunguzi mkubwa wa John Harris na wenzake, uliotolewa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1985 na 2002 ujuzi wa kusikia na kusema Kiirlandi ulishuka sana katika shule za kawaida. Sababu ni nyingi, wala hatusemi kwamba tumezijua zote. Lakini moja twaiona wazi, na ndiyo lawama yetu kubwa katika makala hii.

Katika madarasa mengi Kiirlandi ni lugha ya mchezo, na Kiingereza ni lugha ya mambo. Mtoto huimba kwa Kiirlandi, kisha mwalimu asema kwa Kiingereza: kaeni, nyamazeni, fungeni dirisha, nani amempiga mwenzake? Mtoto si mjinga. Husikia kwamba neno la kuamuru, la kuonya, la kusifu na la kusamehe ni la Kiingereza. Kiirlandi ni nguo ya sikukuu: hutolewa sandukuni, huvaliwa saa moja, hurudishwa. Mpe mtoto huyo nyimbo mia, atazihesabu pamoja na michezo ya utoto na kuziacha anapokua. Kwa hiyo twasema: afadhali mwalimu asiye na ufundi wowote, anayesema «fungua mlango» kwa Kiirlandi kila siku, kuliko fundi wa michezo anayerudi katika Kiingereza kila jambo linapokuwa la maana.

Sasa tutaje kazi zilizopita kipimo chetu. Ya kwanza ilifanyika miaka 1937 mpaka 1939. Tume ya mapokeo ya Irlandi iliwaomba watoto wa madarasa ya juu ya shule za msingi wawaulize wazazi, mababu na majirani habari za kale: hadithi, dawa, visima vitakatifu, michezo, methali. Watoto zaidi ya 50,000 wa shule kama 5,000 waliandika, na kurasa zao, pamoja na zile zilizonakiliwa katika vitabu vikubwa, zafika kama 740,000. Ni kweli, sehemu kubwa iliandikwa kwa Kiingereza. Lakini palipobaki wazee wa Kiirlandi, mtoto alikwenda kwa bibi akiwa na kalamu, na bibi ambaye shule ilikuwa imemwona mjinga akawa mwalimu. Hatujaona ufundi mwingine wa shule uliowapa wazee heshima kama huo.

Ya pili ni mchezo wa kuigiza. Tangu miaka ya 1930 kuna mashindano ya michezo ya shule kwa Kiirlandi. Mtoto anayeigiza lazima asikie mwenzake, ajibu kwa wakati, na kusema kwa sauti ambayo mzee aliye nyuma ataisikia. Hapo kosa lina gharama na neno lina faida.

Ya tatu ni shule ambazo masomo yote, hata hesabu, hufundishwa kwa Kiirlandi, ingawa ziko katika miji ya Kiingereza. Huitwa Gaelscoileanna. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa chache sana, lakini sasa ni nyingi. Nyingi zilianzishwa na wazazi wenyewe. Hadithi inayotugusa zaidi ni ya Belfast, katika Irlandi ya Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jamaa wachache walijenga nyumba zao pamoja katika barabara ya Shaws Road ili walee watoto kwa Kiirlandi. Mwaka 1971 walifungua shule yenye watoto 9. Serikali haikuitambua mpaka mwaka 1984. Miaka 13 wazazi wale walitafuta fedha ya kulipa waalimu wao. Walianza na nyumba, kisha shule. Hawakufanya kinyume.

Hata hivyo tusipake rangi nyeupe kila ukuta. Watoto wa Gaelscoileanna hujua lugha kuliko wenzao, lakini wengi hutoka uwanjani wakisema Kiingereza, na Kiirlandi chao mara nyingi chafuata maungio ya Kiingereza. Tena shule hizo, pamoja na zile za sehemu za Gaeltacht ambako lugha bado ni ya nyumbani, zina watoto chini ya mmoja katika kumi wa shule za msingi. Na Gaeltacht yenyewe, huko Donegal, Galway, Kerry na kwingineko, yapungukiwa. Shule haiwezi kuwa kisima. Yaweza kuwa mtungi tu. Kisima kikikauka, mtungi mzuri wafaa nini?

Sisi wenyewe katika seminari tulikariri Kilatini. Majedwali ya maneno tuliyapiga kwa sauti moja kama watu wapigao makasia, na leo tumeyasahau. Sala tunazikumbuka zote. Mwalimu alikuwa yule yule, na fimbo yake ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba majedwali tulimsomea mwalimu, na sala tulimwambia Mungu. Lugha hukaa pale inapokuwa na mtu wa kuambiwa.

Basi twatoa hukumu yetu kwa maneno machache. Mwalimu wa Irlandi asiache michezo yake, ila kila mchezo auulize maswali matatu. Je, mtoto mwenyewe anasema, au anasikiliza tu? Je, anasema jambo ambalo mwenzake hajalijua bado? Je, baada ya kengele ataweza kulitumia kwa mtu fulani mwenye jina? Mchezo unaojibu ndiyo mara tatu ni mwema, hata ukiwa wa kijiti na mawe. Usiojibu hata moja ni pambo, hata ukiwa wa mashine ya thamani.

Kwa wazazi twasema zaidi. Baba asiyejua ila maneno kumi ya Kiirlandi, ayaseme hayo kumi mezani kila jioni: mkate, maziwa, nipe, asante, lala salama. Zamani wazazi walikubali kijiti shingoni mwa mtoto, lugha ikatoka nyumbani. Hapana wimbo wa shule utakaoirudisha kama mlango wa nyumba umefungwa. Na siku moja mtoto akiomba kwa lugha ya mababu zake, asiombe ruhusa ya kutoka tu. Aombe kuingia.